Mtamba Ameachishwa Maziwa Lakini Bado Ananyonya Wenzake? Fanya Hivi

Leo tuongelee tatizo ambalo liko kwenye mabanda mengi ya ng'ombe wa maziwa, ila wenye mabanda hawalijui. Ndama ameachishwa maziwa miezi mingi iliyopita, sasa ni mtamba anayekula majani na pumba kama wakubwa, lakini bado ananyonya. Anaweza kunyonya mama yake, ng'ombe mwingine yeyote anayesimama kwa utulivu, au hata mitamba wenzake ambao hawana tone la maziwa.

Wengi wakiona hivyo wanacheka: "Huyu bado mtoto, ataacha mwenyewe." Kama unafuga kibiashara, usicheke. Nitakueleza hasara iko wapi, utamjuaje mhusika, umzuie vipi, na zaidi ya yote, uwalee vipi ndama wako ili tabia hii isizaliwe kabisa.

HASARA IKO WAPI?

Hasara ya kwanza ni ile unayoiona, yaani maziwa. Tuseme mtamba anavuta lita 3 kwa siku, na lita unauza shilingi 1,000. Kwa mwezi ni shilingi 90,000 zimepita mdomoni mwa mnyama ambaye hayahitaji maziwa. Inauma, lakini hasara hiyo inakoma siku unayomtenga.

Hasara kubwa zaidi inampata yule anayenyonywa wakati hakamuliwi, yaani mtamba ambaye hajazaa na ng'ombe aliyekaushwa. Ng'ombe asipokamuliwa, mwili wake huziba tundu la chuchu kwa kizibo laini kama nta. Kizibo hicho ndicho mlango wa kiwele. Mwenzake akianza kunyonya, kizibo kinatoka, tundu linabaki wazi, na vijidudu vya mdomoni na vya kwenye samadi vinaingia ndani. Kwa kuwa hakuna anayekamua pale, hakuna anayeona kitu, na ugonjwa wa kiwele unakaa humo kimyakimya kwa wiki au miezi. Siku mtamba anazaa, unakuta robo moja ya kiwele ni ngumu kama jiwe, au inatoa majimaji na usaha, au haitoi kitu kabisa.

Hapo ndipo utaelewa ukubwa wa tatizo. Kiwele kina robo nne na kila robo inajitegemea. Tishu za maziwa zikishakufa kwenye robo hazioti tena. Umemlisha mtamba huyo miaka miwili na zaidi, umelipia dawa, josho na mbegu ya uhimilishaji, halafu anaanza kazi akiwa na robo tatu. Mnunuzi anayejua ng'ombe akimshika kiwele tu, bei inashuka.

Hasara ya tatu ni dang'a. Dang'a hutengenezwa wiki za mwisho kabla ya kuzaa. Ndama wa ng'ombe hapati kinga ya kutosha akiwa tumboni. Kinga yake ya siku za mwanzo iko kwenye dang'a. Mtamba akinyonya ng'ombe anayekaribia kuzaa, dang'a inaondoka, na ndama anayezaliwa anakuta maziwa mepesi. Kinachofuata ni kuhara na kukohoa, na unaweza kumpoteza bila kujua kwamba chanzo ni mtamba wa banda la pili.

UTAMJUAJE?

Angalia dalili hizi:

1. Maziwa ya ng'ombe mmoja yanashuka ghafla, hana homa na anakula vizuri. Ukianza kukamua unakuta robo moja au mbili tupu na nyingine zimejaa.
2. Chuchu ni safi, zimelowa, pengine zina povu la mate, wakati mapaja na tumbo vina vumbi na samadi.
3. Mtamba ambaye hajazaa ana chuchu moja ndefu kuliko nyingine, au kiwele chake kimeanza kujaa upande mmoja.
4. Wenzake wamelala wanacheua, lakini kuna ng'ombe mmoja amesimama tu, ametulia, na kuna kichwa chini ya tumbo lake.

Muda mzuri wa kuchungulia ni alfajiri kabla ya kukamua, na mchana wanapopumzika. Kaa pembeni nusu saa bila kelele. Kama huna nafasi hiyo, saga mkaa, uchanganye na mafuta kidogo ya kupikia, mpake chuchuni jioni yule unayemhisi ananyonywa. Asubuhi kagua midomo na pua za wengine. Atakayekuwa na weusi umempata. Kumbuka kuosha chuchu vizuri na kuzikausha kabla ya kukamua.

Hapa nina neno kwa wale wanaofuga kwa simu. Wewe uko mjini, lita zinatumwa kwa ujumbe kila jioni, na zikishuka mtu wa kwanza kumshuku ni kijana anayekamua. Niliwahi kuitwa shamba moja kwenye mgogoro wa namna hiyo. Mwenye shamba alikuwa ameshamkata mkamuaji mshahara wa mwezi mzima. Tulipofika alfajiri tukakuta mtamba wa miezi kumi na moja hivi amepenyeza kichwa kati ya mbao mbili, ananyonya ng'ombe wa jirani anayelala karibu na uzio. Mshahara ulirudishwa, lakini kijana aliondoka mwezi uliofuata, na alikuwa mkamuaji mzuri. Chunguza banda kwanza, ndipo uhesabu watu.

KWA NINI ANANYONYA WAKATI AMESHIBA?

Hili wengi hawalijui. Hamu ya kunyonya si kitu kimoja na njaa. Ndama anayekaa na mama yake hunyonya mara kadhaa kwa siku, na kila mara huchukua dakika kadhaa za kuvuta na kusukuma kiwele. Ndama wa ndoo anamaliza lita mbili kufumba na kufumbua. Tumbo limepata, mdomo haujatosheka. Na ladha ya maziwa yenyewe ndiyo inayoamsha hamu ya kunyonya. Hamu hiyo huendelea kama dakika kumi hadi kumi na tano baada ya ndoo kuisha, kisha inapoa.

Sasa fikiria banda lenye ndama watano, wote wamemaliza ndoo kwa pamoja na wote wana hamu. Kila mmoja anatafuta cha kuvuta: sikio la mwenzake, kitovu, au sehemu ya kiwele. Wakirudia hivyo asubuhi na jioni kwa miezi mitatu, inakuwa tabia, na tabia inahama nao kwenda banda la mitamba.

Kuna mambo mengine yanayoikoleza:

- Kuachishwa ghafla. Leo lita nne, kesho hakuna, na ndama bado hajui kula chakula kikavu cha kutosha.
- Hori tupu. Mtamba ambaye hana majani ya kutafuna usiku kucha atatafuta kazi nyingine ya kufanya na mdomo wake.
- Kuchanganya umri. Mtamba aliyeachishwa juzi ukimweka na ng'ombe wanaokamuliwa, umemweka mlangoni mwa ghala.
- Kurudishwa kwa mama mapema. Hii ni kwa wanaoachia ndama wanyonye mama baada ya kukamua. Ndama hawa kwa kawaida hawanyonyani sana wao kwa wao, lakini ukiwaachisha na baada ya wiki moja ukawarudisha kundi moja na mama, wanaendelea walipoishia.

Vipi kuhusu chumvi? Wapo watakaokwambia "huyo amekosa madini tu." Ng'ombe mwenye upungufu wa chumvi hulamba kuta, mkojo na wenzake, kwa hiyo jiwe la chumvi liwepo bandani siku zote. Ila mtamba aliyeshazoea kunyonya, jiwe la chumvi peke yake usilitegemee kumwachisha.

HATUA ZA KUCHUKUA LEO

1. Mtenge anayenyonya. Usisubiri Jumamosi. Mweke chumba chake, na hakikisha nafasi kati ya mbao hairuhusu kichwa kupita. Kama huna chumba, mfunge upande wake kwa kamba isiyomfikisha kwa jirani, lakini afikie maji na chakula. Usimweke na dume kwa sababu tu "dume halina maziwa". Utapata mimba ambayo hukuipanga.

2. Mtenge pia anayenyonywa. Wapo ng'ombe ambao wameshazoea, wanasimama na kupanua miguu wenyewe. Ukiondoa mnyonyaji ukamwacha huyu na mitamba wengine, atamfundisha mwingine.

3. Kagua viwele vyote. Kwa wanaokamuliwa, toa michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi uangalie mabonge, na ukiweza tumia kipimo cha CMT kila robo. Kwa mitamba na waliokaushwa, angalia na upapase tu: je, kuna joto, ugumu, uvimbe, upande mmoja kuzidi mwingine? Usiwakamue ili kujaribu. Ukikamua unatoa kizibo kilichobaki na unafungua mlango kwa mkono wako. Ukihisi joto au uvimbe, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

4. Chovya chuchu za waliokuwa wananyonywa kwenye dawa ya kuchovya chuchu yenye ayodini, angalau kwa siku kadhaa baada ya kuwatenganisha, wakati mwili unatengeneza kizibo kipya.

5. Kama aliyenyonywa anakaribia kuzaa, tafuta dang'a ya akiba. Ng'ombe mwingine mzima akizaa na ana dang'a ya ziada, igandishe kwenye friza kwenye chupa za lita moja. Ikihitajika, iyeyushe kwenye maji ya moto wa wastani. Usiichemshe, maana moto mkali unaua kinga. Ndama wa kilo 35 apate kama lita 3 hadi 3.5 ndani ya saa sita za kwanza, na aanze mapema kadiri inavyowezekana.

6. Andika. Namba ya hereni ya mnyonyaji, ya anayenyonywa, na tarehe. Miezi sita baadaye hutakumbuka.

KIZUIZI CHA PUANI

Kutenga kunakupa nafuu, lakini kuna siku mtamba atarudi kundini. Hapo ndipo kizuizi cha puani kinafanya kazi. Kiko cha plastiki au cha chuma, kinabana katikati ya matundu ya pua bila kutoboa. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni kibao kinachoning'inia mbele ya mdomo: mtamba anaweza kuinama akala majani na kunywa maji, ila akiinua kichwa kunyonya, kibao kinaziba mdomo. Ya pili ina meno butu kwa nje: akisogea kiweleni, meno yanamchoma anayenyonywa, naye anampiga teke.

Kwa ndama anayeachishwa kutoka kwa mama, aina ya kibao inatosha. Unamvalisha siku 4 hadi 7 akiwa bado na mama yake, anazoea kukosa maziwa, kisha ndipo unawatenganisha. Njia hii ya hatua mbili ilifanyiwa utafiti katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, na ndama walionekana kulia na kuhangaika kidogo sana kuliko walioachishwa kwa mkupuo.

Kwa mtamba aliyekomaa kwenye tabia, siku saba ni chache. Mimi huacha wiki nne hadi sita, na kizuizi chenye meno. Zingatia haya:

- Kibane kiasi cha kutodondoka, kisiumize nyama. Kagua pua mara mbili kwa wiki. Ukiona kidonda, toa, tibu, subiri ipone.
- Tumia hori pana na chombo kipana cha maji. Ndoo nyembamba itamshinda kunywa.
- Siku mbili za kwanza simama uone kama anakula na kunywa kweli.
- Ukikitoa, mwangalie wiki mbili. Akirudia, kirudishe.

Kumbuka kwamba kizuizi kinakununulia muda tu. Kama hori bado ni tupu na banda bado limebanana, siku unayokitoa ataanza tena.

MBINU ZA KIENYEJI

Kupaka samadi kwenye chuchu ni mbinu ya zamani na watu bado wanaitumia. Kweli inamkera ndama, lakini unaweka vijidudu mlangoni mwa kiwele chenye tundu wazi. Usifanye. Pilipili nayo inaunguza ngozi ya chuchu, inapasuka, na ng'ombe anaanza kukupiga mateke wewe. Shubiri na majani ya mwarobaini yaliyopondwa ni machungu na wapo wanaofanikiwa nayo kwa ndama wadogo, ila inabidi upake kila siku na uoshe kabisa kabla ya kukamua, la sivyo uchungu unaingia kwenye maziwa unayouza.

Kufunga misumari au waya wa miiba kwenye hatamu sikushauri. Inatoboa kiwele na inaweza kutoboa jicho la mwenzake. Na kumkata mtamba ulimi ili asiweze kunyonya ni ukatili. Hilo halina mjadala.

KINGA IKO BANDA LA NDAMA

Kama utachukua jambo moja tu kwenye makala hii, chukua hili: tabia hii hutengenezwa kwenye dakika kumi na tano baada ya maziwa. Ukizisimamia dakika hizo, umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Nywesha polepole. Tumia ndoo yenye chuchu ya mpira, tundu liwe dogo. Wafanyakazi hupenda kulipanua kwa kisu ili kazi iishe haraka. Wakataze na uwaeleze sababu. Maziwa yakiisha, mwachie ndama aendelee kuvuta mpira mtupu kwa dakika chache.

Wazuie wasifikiane. Kila ndama awe kwenye kizimba chake, au kama wako pamoja, wafunge wakati wa maziwa na uwaache hapo dakika 20 hadi 30. Mara tu maziwa yakiisha, futa mdomo, weka chakula kidogo cha ndama mdomoni na hei mbele yake. Mdomo upate kazi.

Usiwape ndama jike wanaokaa pamoja maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele. Wakinyonyana, wanahamisha vijidudu vya mdomoni kwenye viwele vidogo ambavyo bado havijaanza maisha.

Achisha kwa kuangalia hori. Miezi mitatu ni mwongozo tu. Ndama yuko tayari anapokula kama kilo 1 ya chakula cha ndama kwa siku, siku tatu mfululizo. Chukua kopo, pima mara moja kwenye mizani ujue linabeba gramu ngapi, kisha hesabu makopo.

Punguza kidogokidogo kwa siku 10 hadi 14. Kama alikuwa lita 4, mpe 3, kisha 2, kisha 1 kwa mkupuo mmoja kwa siku, kisha basi. Akiacha maziwa, abaki banda lile lile wiki mbili, na wenzake wale wale, na chakula kile kile. Kukata pembe, kuhamisha banda na kubadilisha chakula visifanyike wiki hiyo.

Kaa macho baada ya kuachisha. Mwezi wa kwanza ndio unaokuonyesha nani ana tabia. Kumkomesha wa miezi minne ni rahisi sana kuliko wa miezi kumi na nane.

LINI UKUBALI KUMWONDOA?

Ukimvalisha kizuizi mara mbili, chakula kipo, nafasi ipo, na bado anarudia, muda umefika wa kupiga hesabu. Robo moja ya kiwele cha ng'ombe mzuri ina thamani kuliko ubishi wako na mtamba mmoja. Kama ana damu nzuri na unafugia ndani, unaweza kumweka kwenye chumba chake peke yake hadi azae. Kama unafugia kundini, mnenepeshe umuuze kwa nyama. Usimuuzie mfugaji mwenzako wa maziwa kimyakimya. Soko la mitamba ni dogo, watu wanajuana, na jina lako ndilo linalouza ndama wako wa miaka ijayo.

Wiki hii fanya mambo matatu. Papasa kiwele cha kila mtamba aliye na mimba, chungulia banda alfajiri angalau siku mbili, na simama pale ndama wanaponyweshwa uhesabu dakika. Ukikuta kiwele chenye joto au uvimbe, usijitibie kwa sindano ya dukani. Mwite daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata yako aone kwanza. Kazi njema.